Kolwezi Hadi Usukani

Gari la umeme huanza kuundwa majini. Huko Kolwezi na katika vitongoji vyake, mkoani Lualaba kusini mwa Kongo, wanawake huinama mitoni na madimbwini wakiosha mawe ya kobalti yaliyochimbwa na wanaume. Wanaosha, wanachekecha, wanachambua, wanajaza magunia. Kutoka hapo mzigo huenda kwa wanunuzi, ukapita kwenye mitambo ya kusafishia madini, hadi ukaishia ndani ya betri ya gari linalouzwa Ulaya au China. Takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Nyingi ni ya makampuni yenye mashine kubwa, lakini sehemu yake hupita mikononi mwa wachimbaji wadogo, na huko ndiko wanawake waliko. Lugha wanayopigia soga wakiwa kazini ni Kiswahili.

Wako kando ya shimo. Kuna imani iliyoenea migodini Kongo kwamba mwanamke akiingia shimoni, madini hutoweka. Imani hiyo haikosi wa kunufaika nayo, maana anayechimba hulipwa zaidi ya anayeosha.

Mwaka 2018 kulifanyika jaribio la kuvutia huko huko Kolwezi, katika eneo la Mutoshi. Kampuni ya Chemaf, mfanyabiashara wa madini Trafigura na shirika la Pact walizungushia uzio sehemu ya mgodi, wakaweka lango lenye ulinzi, wakagawa kofia ngumu na glovu, na mashine zikatumika kuondoa udongo wa juu ili mashimo yasiende chini mno. Wanawake wakaruhusiwa kufanya kazi ndani ya uzio. Kipato cha waliokuwamo kikaongezeka, na madini hayakukimbia. Machi 2020, korona ilipoingia, mradi ukasimamishwa.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huenda akajiuliza kama pikipiki ya umeme anayoiona mtaani kwake imetokana na jasho hilo. Mara nyingi jibu ni hapana. Betri za pikipiki nyingi na za mabasi ya umeme ya kampuni ya BYD ya China ni za aina ya lithiamu na fosfati ya chuma, ambazo hazina kobalti hata chembe. Hiyo ni habari njema kwa dhamiri ya mnunuzi. Kwa muosha mawe wa Kolwezi ni habari nyingine kabisa: kadiri viwanda vinavyohamia kwenye betri hizo, ndivyo soko la jiwe lake linavyotetereka. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Kampuni kubwa inaweza kulaza mzigo ghalani ikisubiri bei ipande. Mama anayelipwa kwa gunia hana ghala.

Tukipanda ngazi moja tunafika kiwandani. Septemba 2021 Bhavish Aggarwal, mwanzilishi wa Ola Electric ya India, alitangaza kwamba kiwanda chake cha skuta za umeme huko Krishnagiri, jimbo la Tamil Nadu, kitaendeshwa na wanawake pekee, na kwamba kikifikia uwezo wake kamili kitakuwa na wanawake zaidi ya 10,000. Picha za wasichana waliovaa sare, wamejipanga kati ya roboti, zilienea dunia nzima. Kwa nchi ambayo wanawake ni wachache mno katika viwanda vya magari, lilikuwa tangazo zito.

Kwa nini skuta ya umeme iwe ndiyo iliyofungua mlango? Sababu moja ni ya kiufundi. Chombo cha umeme hakina giaboksi ya kupangwa meno kwa meno, hakina ekzosi wala kabureta. Kazi kubwa ni kuunganisha nyaya, kufunga moduli za betri, kupima na kukagua, na vizito hubebwa na mashine. Sababu ya pili ni kwamba kiwanda kilikuwa kipya. Hakikuwa na mafundi wa miaka 20 wenye desturi zao, wala vyoo vya wanaume pekee vilivyojengwa enzi za babu.

Iko sababu ya tatu, ambayo matangazo huipitia haraka. Waajiri wengi wa Tamil Nadu husifia vidole vyepesi vya wanawake na subira yao, sifa zilezile zilizotumika kujaza viwanda vya nguo na vya simu kwa mabinti wa vijijini wasio na mume, wanaolala mabwenini na kufanya kazi kwa mikataba mifupi. Desemba 2021, miezi mitatu tu baada ya tangazo la Ola, mamia ya wafanyakazi wanawake wa kiwanda cha simu cha Foxconn katika jimbo hilohilo waliingia barabarani baada ya wenzao kuugua kwa chakula cha bwenini. Sifa ya namna hiyo haifai kupokewa kwa shangwe kabla ya kuangalia mkataba na kitanda. Isitoshe, ajira ya kiwandani hufuata soko. Ola iliwahi kuongoza mauzo ya skuta za umeme India, kisha wakongwe kama TVS na Bajaj wakaipita, na kampuni ikapunguza wafanyakazi.

Sheria nayo ilikuwa na neno lake. Sheria ya Viwanda ya India ya mwaka 1948 iliwazuia wanawake kufanya kazi viwandani baada ya saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Iliandikwa kwa nia ya kuwalinda, lakini mwajiri mwenye zamu tatu kwa siku aliisoma kivyake: mwanamke si mfanyakazi wa zamu zote. Majimbo kadhaa yamelegeza katazo hilo kwa masharti, likiwamo la usafiri wa kumfikisha mfanyakazi nyumbani.

Kuhusisha wanawake na magari ya umeme kulianza zamani. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Wamarekani waliyaita magari hayo ya wanawake, kwa kuwa la petroli liliwashwa kwa kuzungusha mtaimbo uliokuwa ukivunja watu mikono. Clara Ford, mke wa yuleyule Henry Ford aliyeijaza dunia magari ya petroli, aliendesha Detroit Electric ya mwaka 1914. Charles Kettering alipobuni stata ya umeme, na Cadillac kuifunga kwenye magari yake ya mwaka 1912, faida hiyo ikaanza kuyeyuka. Katika hadithi yote hiyo mwanamke ni mteja, tena mteja anayechorwa kwenye tangazo akiwa na kofia ya manyoya. Aliyesanifu, aliyeunda na aliyeuza hakuwa yeye.

Leo wapo walio juu. Mary Barra anaongoza General Motors tangu 2014, na Robyn Denholm ni mwenyekiti wa bodi ya Tesla tangu 2018. Linda Zhang alikuwa mhandisi mkuu wa F-150 Lightning, pikapu ya umeme ya Ford. Lakini anayestahili kujulikana zaidi huku kwetu ni Hemalatha Annamalai, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya skuta za umeme ya Ampere mjini Coimbatore, India, mwaka 2008, wakati wengi wakiviona vyombo hivyo kama mchezo wa watoto. Alilenga watu wa miji midogo na vijiji, wateja ambao kampuni kubwa hazikuwaona.

Kati ya muosha mawe na mwenyekiti wa bodi kuna pengo kubwa, na katikati yake ndiko zilipo kazi zinazoweza kulisha kaya nyingi: udereva, ufundi, umiliki wa chombo. Delhi ilijaribu kuliziba kwa amri. Mwaka 2021 serikali ya jiji ilitenga theluthi moja ya vibali 4,261 vya bajaji za umeme kwa ajili ya wanawake. Waliojitokeza kuomba hawakufikia idadi ya vibali walivyotengewa. Kibali ni karatasi ya mwisho katika safari ndefu: kabla yake kuna leseni, kabla ya leseni kuna mafunzo, na kabla ya vyote kuna fedha na ruhusa ya nyumbani. Upande wa mabasi mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mwanzoni mwa 2022 Delhi ilipunguza kimo cha chini cha dereva mwanamke kutoka sentimita 159 hadi 153, ikapunguza pia muda wa uzoefu uliodaiwa, na wanawake wakaanza kuajiriwa.

Huko Wedza, Zimbabwe, kampuni ya Mobility for Africa iliyoanzishwa na Shantha Bloemen ilianzia upande wa pili. Iliwatazama kwanza wanawake wa kijijini na mizigo yao: kuni, maji, mboga za sokoni, mjamzito wa kufikishwa zahanati. Kutokana na mizigo hiyo ikapatikana Hamba, guta la umeme la magurudumu matatu ambalo wanawake hulikodi kwa vikundi, na betri zake huchajiwa kwa umeme wa jua. Ni chombo cha mwendo wa pole, kwenye barabara ya vumbi. Hata hivyo mboga hufika sokoni zikiwa mbichi, na mwenye mboga ndiye dereva.

Nairobi na Kigali zina haraka zaidi. BasiGo ilileta mabasi yake ya kwanza ya umeme Nairobi mwaka 2022, na mjini Kigali pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa tangu Januari 2025 zinatakiwa kuwa za umeme. Petroli inaondoka, lakini mazingira ya kazi yamebaki palepale. Machi 2022, mwezi uleule mabasi ya BasiGo yalipoanza kubeba abiria, waendesha bodaboda walimzingira na kumdhalilisha dereva mwanamke mchana kweupe kwenye barabara ya Wangari Maathai. Shirika la Flone la Naomi Mwaura lilikuwa limekwisha kukusanya kwa miaka simulizi za unyanyasaji wa wanawake kwenye matatu, abiria kwa wafanyakazi, na kuwafunza makondakta na madereva.

Kwenye fedha ndiko umeme umeleta jambo jipya. Benki ya kawaida huuliza hati ya shamba, na hati nyingi zina jina la baba au mume. Wakopeshaji wa pikipiki za umeme, M-KOPA akiwa mmoja wao Kenya, huichukua pikipiki yenyewe kuwa dhamana na kupokea marejesho kidogo kidogo kwa simu. Kwingine, kama kwa Ampersand ya Rwanda, dereva habebeshwi bei ya betri. Huibadilisha kituoni na kulipia umeme alioutumia. Mwanamke asiye na shamba anaweza kuanza. Kisha atahitaji stendi itakayompokea, na kituo cha kubadilishia betri chenye taa na choo saa nne za usiku, abiria wanapokuwa wengi na nauli nzuri.