Gari la Nguvu Mbili: Akiba Yake Hutoka Wapi?

Miongoni mwa magari madogo yaliyotumika ambayo hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, yamo yale yaitwayo ya haibridi, yaani magari yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Mtu mwenye saluni ya petroli anayefikiria kuibadili kwa gari la namna hiyo husikia maneno mawili yanayopingana. Muuzaji humwambia kwamba gari hilo hujitengenezea umeme lenyewe, hivyo sehemu ya safari ni bure. Jirani humwonya asithubutu, kwani betri ikifa na gari limekufa. Kila kauli ina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayotosha kumwongoza mtu anayetaka kutoa akiba ya miaka kadhaa. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa fizikia ya shule ya sekondari, akiba ya petroli katika gari la haibridi hutoka wapi, na ni nani hasa anayeipata.

Umeme hautoki hewani

Yapasa kuanza na kanuni ya hifadhi ya nishati: nishati haiumbwi wala haitoweki, bali hubadilika umbo. Gari la haibridi la kawaida halichomekwi kwenye umeme wa nyumbani. (Yako magari mengine yanayochomekwa, lakini hayo hayahusiki hapa.) Kitu pekee kinachotiwa ndani yake ni petroli. Kwa hiyo umeme wote unaozungusha mota yake umetokana, hatimaye, na petroli iliyonunuliwa kituoni.

Ukubwa wa betri wathibitisha jambo hilo. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, ina betri ya nikeli na hidridi za metali yenye seli 168. Kila seli hutoa volti 1.2, na zote zimeungwa mfululizo, hivyo jumla ni volti 201.6. Uwezo wa betri hiyo ni ampea-saa 6.5. Zidisha volti kwa ampea-saa, nawe utapata wati-saa zipatazo 1,310, yaani megajouli 4.7. Lita moja ya petroli ina megajouli zipatazo 32. Maana yake ni kwamba betri nzima, hata ikijaa pomoni, ina nishati isiyofikia sehemu moja ya sita ya lita ya petroli. Betri hiyo basi si kisima. Ni mtungi mdogo wa kutekea na kumiminia. Faida yake haitokani na wingi wa kinachohifadhiwa, bali inatokana na kujazwa na kumwagwa mara nyingi katika safari moja.

Petroli hupotelea wapi?

Ili kuujua umuhimu wa mtungi huo, hapana budi kutazama upotevu uliomo katika gari la kawaida. Upotevu mkubwa unaoweza kuzuiwa ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa breki. Chukulia gari lenye tungamo ya kilo 1,200 linalokwenda mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Nishati yake ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, ambayo ni jouli 135,000. Taa nyekundu ikiwaka, dereva hukanyaga breki, na nishati yote hiyo hugeuka joto katika vyuma vya breki na kupotelea hewani. Joto hilo lingetosha kuchemsha vikombe viwili vya maji ya chai. Ikiwa injini yaweza kuifanya robo tu ya nishati ya petroli kuwa mwendo, lita moja hutoa megajouli 8 za kazi. Gawanya kwa jouli 135,000, utaona kwamba kila mara 59 gari linapoondoka, kushika kasi hiyo na kusimama tena, lita moja ya petroli imekwenda katika breki. Dereva wa mjini katika saa za msongamano anaweza kuimaliza idadi hiyo kabla ya kufika kazini.

Upotevu wa pili ni wa kunguruma bila kwenda. Gari lililosimama kwenye foleni huku injini ikizunguka lina ufanisi wa sifuri: petroli inaungua, lakini hakuna hata mita moja inayosogezwa.

Upotevu wa tatu haujulikani sana, nao ni wa injini kubwa kupewa kazi ndogo. Saluni ya wastani inahitaji kama kilowati 3 tu ili iende kilomita 50 kwa saa kwenye barabara tambarare, na kama kilowati 12 kwa kilomita 100 kwa saa. Hata hivyo huwekewa injini ya kilowati 80 au zaidi, ili ipande mlima na kulipita lori. Injini ya petroli inayoweza kufikia ufanisi wa asilimia 35 ikifanya kazi nzito, hushuka chini ya asilimia 20 ikipewa kazi hafifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu yake humezwa na msuguano wa ndani na kazi ya kuvuta hewa kupitia kilango kilichofungwa karibu chote.

Jinsi mtungi unavyotumika

Dawa ya upotevu wa kwanza inaweza kuonyeshwa darasani kwa baiskeli yenye dinamo. Mwanafunzi azungushe pedali kwanza huku dinamo ikiwa mbali na gurudumu, kisha dinamo iguse gurudumu na taa iwake. Mara moja atahisi pedali zimekuwa nzito. Mwanga wa taa umetolewa katika mwendo wa gurudumu, na gurudumu linapunguza kasi. Mota ya gari la haibridi hufanya vivyo hivyo. Dereva akigusa breki taratibu, mota hugeuka kuwa jenereta. Magurudumu huizungusha, gari hupungua mwendo, na umeme huingia betrini. Gari linapoondoka tena, umeme huo hutumika. Si wote urudio, kwani kila ugeuzaji hutoza ushuru wake wa joto. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, breki za kawaida hushika, na nishati hupotea kama zamani.

Upotevu wa pili huondolewa kwa kuizima injini kila gari linaposimama, na hata linapojongea polepole. Mota pekee huliondoa gari.

Upotevu wa tatu hutibiwa kwa namna mbili. Kwanza, injini inapofanya kazi hupewa mzigo wa kutosha. Nguvu inayozidi mahitaji ya barabara hupelekwa betrini. Pili, kwa kuwa mota husaidia wakati wa kupanda na kuongeza kasi, injini yenyewe yaweza kuwa ndogo na ya aina yenye ubahili. Injini za magari hayo hufuata wazo la Mwingereza James Atkinson, aliyevumbua katika miaka ya 1880 injini ambayo gesi zilizowaka hutanuka kwa masafa marefu kuliko zilivyogandamizwa. Siku hizi jambo hilo hupatikana kwa kuchelewesha kufungwa kwa vali ya kuingizia, hata sehemu ya hewa ikasukumwa nje tena. Injini ya namna hiyo hutoa kazi zaidi kwa kila tone, ila ni dhaifu katika mizunguko ya chini. Mota ya umeme ina tabia iliyo kinyume: nguvu yake ya kuzungusha huwa kubwa kabisa inapoanza kutoka kusimama. Kila mmoja hufidia udhaifu wa mwenziwe.

Gia zenye jua na sayari

Nguvu hizo mbili huunganishwaje? Katika Prius iliyotajwa hakuna klachi wala sanduku la gia la kawaida. Kuna seti moja ya gia iliyopangwa kama jua na sayari zake. Katikati pana gia ya jua yenye meno 30, iliyofungwa kwenye jenereta. Nje pana gia ya pete yenye meno 78, iliyofungwa kwenye mota na magurudumu. Kati yao huzunguka gia ndogo za sayari, na fremu inayozibeba imefungwa kwenye injini. Mizunguko yao hufuata mlinganyo huu: 30 mara mizunguko ya jua, jumlisha 78 mara mizunguko ya pete, ni sawa na 108 mara mizunguko ya injini.

Gari likiwa limesimama, pete haizunguki. Injini ikienda mizunguko 1,000 kwa dakika, jua huzunguka mara 3,600, na jenereta huchaji betri. Injini ikiwa imezimwa na gari linakwenda kwa umeme, jua huzunguka kinyumenyume, bila kuisumbua injini. Nguvu ya kuzungusha ya injini daima hugawanyika kwa uwiano wa 78 na 30: asilimia 72 huenda kwenye magurudumu na asilimia 28 kwenye jenereta. Kompyuta ya gari hurekebisha mwendo wa jenereta, nayo injini hujikuta ikizunguka kwa kasi inayoifaa.

Wazo la kuunganisha injini na umeme si geni. Ferdinand Porsche alitengeneza gari la namna hiyo mwaka 1900, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Lohner huko Vienna. Kilichokosekana kwa karne nzima kilikuwa betri nyepesi na udhibiti wa haraka wa umeme. Prius ya kwanza iliuzwa Japani Desemba 1997, na Honda Insight ikafuata mwaka 1999.

Nani anayefaidika?

Kama akiba hutokana na upotevu uliozuiwa, basi pasipo na upotevu mwingi hapana akiba nyingi. Vipimo vya Marekani vyaonyesha hivyo: Prius ya kizazi cha pili ilikadiriwa kwenda maili 48 kwa galoni mjini na 45 katika barabara kuu, sawa na kilomita 20.4 na 19.1 kwa lita. Saluni ya kawaida huwa kinyume: hula zaidi mjini na kupunguza safarini.

Chukulia, kwa mfano, watu wawili wanaosafiri kilomita 1,000 kila mwezi. Wa kwanza hupita kwenye foleni za Dar es Salaam. Saluni yake ilikwenda kilomita 10 kwa lita. Haibridi inakwenda 18. Matumizi yake yameshuka kutoka lita 100 hadi 56, akiba ya lita 44. Wa pili husafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa mwendo usiobadilika sana. Saluni yake ilikwenda kilomita 15 kwa lita, haibridi 19. Akiba yake ni lita 14 tu. Ikiwa kubadili betri kunagharimu bei ya lita 1,000 za petroli, wa kwanza atairudisha gharama hiyo katika muda wa miezi 23. Wa pili atangoja karibu miaka 6. Kila mtu aweke tarakimu zake, lakini hesabu ni hiyo.

Mteremko nao una mpaka wake. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara hushuka takriban mita 1,000. Gari la kilo 1,200 hupoteza hapo nishati ya kimo ipatayo megajouli 12. Hata kama nusu itamezwa na upepo na msuguano wa matairi, inayobaki ni kubwa kuliko nafasi iliyomo betrini, kwa sababu kompyuta huiacha itumike kati ya asilimia 40 na 80 tu ya ujazo wake, yaani kiasi cha megajouli 1.9. Betri hujaa kabla ya kufika chini. Dereva anapaswa kutumia gia ya kuzuia mwendo kwa injini, asiziachie breki peke yake.

Betri na mafundi

Onyo la jirani nalo lipimwe. Katika gari la aina hii injini huwashwa kwa umeme wa betri kubwa. Ikifa kabisa, petroli iliyomo tangini haisaidii. Betri hizo huzeeka kwa umri na hasa kwa joto. Kenya, ambako haliingizwi gari lililozidi miaka 8, hupokea magari ambayo betri zake zimekwisha kufanya kazi kwa muda huo, na penginepo huja makuukuu zaidi. Mnunuzi aangalie kama kipimo cha chaji hupanda na kushuka haraka kupita kiasi, na kama injini hujiwasha mara kwa mara bila sababu. Katika magari mengi betri hupozwa na hewa inayovutwa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na mizigo, au likijaa vumbi la barabara, betri huungulika taratibu. Kulisafisha hakugharimu chochote.

La mwisho, na lililo kubwa, ni usalama. Volti 201.6 zinaua, na katika mitambo ya gari hilo huongezwa hadi volti 500. Nyaya zake ni za rangi ya machungwa ili zitambulike. Fundi asiziguse kabla ya kuzima gari, kuuondoa ufunguo na kuuweka mbali, kuvaa glavu za mpira za umeme, kuchomoa plagi ya usalama ya betri, na kungoja dakika zilizotajwa katika kitabu cha gari ili kapasita zipoe chaji. Aidha, ukimya si dalili kwamba gari limezimwa: injini yaweza kujiwasha yenyewe wakati mikono ya fundi imo ndani. Vijana wanaojifunza ufundi chini ya miembe wamezoea umeme wa volti 12 usioumiza. Kwa hao, somo la volti na mkondo wa umeme si la mtihani pekee. Ni la kuwarudisha nyumbani jioni wakiwa salama.

Maswali ya kujadili darasani

1. Nishati ya mwendo hubadilikaje kasi inapoongezeka maradufu? Jibu lina maana gani kwa dereva apendaye kukimbia kisha kufunga breki?
2. Injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika na pete mara 2,000. Jua linazunguka mara ngapi?
3. Ikiwa nusu ya nishati ya kila kusimama hurudishwa, gari la kilo 1,200 lisimame mara ngapi kutoka kasi ya mita 15 kwa sekunde ili kuokoa lita moja ya petroli?