Sherlock Holmes, Mpelelezi Mwenye Vituko

Ndugu msomaji, je, umewahi kumwona mtu mwenye mambo ya ajabu, lakini katika kazi yake hakuna wa kumshinda? Watu wa namna hiyo wapo kila mahali. Leo tusome habari za mmoja wao. Jina lake ni Sherlock Holmes, na kazi yake ni upelelezi.

Kwanza elewa jambo moja. Holmes si mtu wa kweli. Ni mtu wa hadithi, kama Sungura wa hadithi zetu. Aliyemtunga ni daktari mmoja, Arthur Conan Doyle. Daktari huyo alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Edinburgh, huko Uskoti. Hadithi ya kwanza ya Holmes ilitolewa mwaka 1887. Doyle alifariki mwaka 1930. Aliacha hadithi ndefu 4 na fupi 56 za mpelelezi huyu.

VITUKO VYAKE NYUMBANI

Katika hadithi, Holmes anakaa mjini London, katika nyumba namba 221B, Baker Street. Anakaa na rafiki yake, Daktari Watson. Watson ndiye anayetusimulia habari zake. Naye ana mengi ya kuvumilia!

Holmes anavuta kiko. Lakini tumbaku yake haiweki kwenye mkebe. Anaiweka ndani ya kiatu! Barua ambazo hajazijibu anazichoma kwa kisu kwenye ubao ulio juu ya meko. Siku moja alikaa kitini akapiga ukuta wa chumba kwa bastola. Matundu ya risasi yakafanya herufi mbili za kumheshimu Malkia Victoria.

Akiwa na kazi, anasahau kula na kulala. Akikosa kazi, anajilaza siku nyingi bila kusema neno. Pengine anapiga fidla usiku.

Lipo na baya. Akikosa kazi, alijidunga sindano ya kokeini. Wakati ule sheria ya Uingereza haikukataza. Lakini Watson, kwa kuwa ni daktari, alimkanya sana. Baadaye Holmes aliacha. Ndugu msomaji, katika jambo hili usimwige. Dawa za kulevya huharibu mwili na akili.

KICHWA NI KAMA DARI

Watson alishangaa kugundua kwamba Holmes hakujua kuwa dunia inalizunguka jua. Holmes hakuona aibu. Alieleza kwamba kichwa ni kama dari ndogo ya nyumba. Ukijaza kila kitu humo, siku ya haja hutakiona unachokitaka. Kwa hiyo yeye huweka vitu vya kazi yake tu. Anajua majivu ya tumbaku za aina nyingi. Anajua sumu. Anajua udongo wa kila upande wa London.

Sisi hatukubaliani naye kwamba elimu nyingine haina faida. Lakini tazama jinsi alivyoitumia ile aliyokuwa nayo.

Siku ya kwanza alipokutana na Watson, alijua papo hapo kwamba ametoka Afghanistan. Alijuaje? Alitazama tu. Mtu huyu ni daktari, lakini anasimama kama askari. Uso umeungua na jua, lakini ngozi ya vifundo vya mikono ni nyeupe. Amekonda kwa ugonjwa. Mkono wake una jeraha. Wakati huo askari wa Uingereza walikuwa wamepigana Afghanistan. Basi!

Doyle hakulitoa jambo hili hewani. Alipokuwa akisomea udaktari alifundishwa na Daktari Joseph Bell. Mwalimu huyo aliweza kumtazama mgonjwa na kutaja kazi yake kabla hajasema.

MBWA ALIYENYAMAZA

Sasa sikiliza kisa cha farasi wa mashindano aitwaye Silver Blaze. Usiku mmoja farasi huyo alipotea zizini. Asubuhi mtunzaji wake alikutwa porini amekufa, kichwa kimepasuka. Jioni ile mgeni mmoja alikuwa ameonekana karibu na zizi. Skafu ya mgeni huyo ilikutwa mkononi mwa marehemu. Polisi wakamkamata. Watu wakaona mambo yamekwisha. Mwuaji ni mgeni!

Holmes hakukubali upesi. Alijua kwamba kijana wa zamu alilishwa dawa ya usingizi katika mchuzi wa nyama wenye bizari nyingi. Je, mgeni angewezaje kuamua mchuzi gani upikwe katika nyumba ya watu? Tena zizini palikuwa na mbwa. Mtu aliingia usiku, akamtoa farasi, na mbwa hakubweka. Kwa nini? Kwa sababu aliyeingia alikuwa mtu anayemjua. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Aliyemtoa farasi alikuwa mtunzaji mwenyewe. Alikuwa na madeni. Alitaka kumkata farasi mshipa wa mguu kwa siri ili ashindwe katika mashindano, naye apate fedha. Farasi akashtuka, akampiga teke la kichwa. Hakuna mtu aliyeua. Mgeni hakuwa na kosa.

Fikiri, ndugu msomaji. Kama si mbwa yule aliyenyamaza, na kama si mtu mmoja aliyeuliza, mgeni yule angeweza kunyongwa bure. Kitu kikipotea kijijini, sisi humtazama nani kwanza? Mara nyingi ni mgeni, au maskini, au mtu mwenye vituko. Kelele moja ya "mwizi!" inaweza kumwua mtu asiye na hatia.

ALIKUBALI KUKOSEA

Holmes alikuwa na majivuno. Lakini mara moja, huko Norbury, alikisia vibaya kabisa. Akamwomba Watson kwamba siku akimwona anajivuna, amnong'oneze neno moja tu sikioni: Norbury.

Holmes ana ndugu yake huku kwetu. Mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtunga mpelelezi Bwana Msa, naye ni mvuta kiko. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa mwaka 1960. Ukikipata, kisome.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mbwa hakubweka?
2. Polisi walikosea wapi?
3. Kitu kikipotea kijijini kwenu, mtafanya nini kabla ya kumtaja mtu?