Dawa ya mawazo ya ugenini huanzia mikononi

ADHABU ya kaburi, walinena wahenga, aijuaye maiti. Aliyezaliwa, akakulia na kuzeekea kwao hawezi kuujua uzito wa kulala ugenini bila hakika kama ataiona tena nyumba aliyoiacha. Hata hivyo, sisi wakazi wa miji tunaishi na watu wa namna hiyo kila siku. Wako Eastleigh, wako Kayole, na watoto wao hukaa dawati moja na wetu. Wengi wamekimbia vita Somalia, Sudan Kusini, Kongo na Ethiopia. Tunawasalimu, tunanunua kwao, kisha tunashangaa tunapoambiwa kwamba jirani fulani halali usiku, hali chakula, au ameacha kabisa kuzungumza.

Jibu la haraka la wengi wetu ni kwamba ameshikwa na wazimu, apelekwe Mathari. Wengine watasema karogwa. Wataalamu wa afya ya akili husema mtu kama huyo huenda anaugua huzuni nzito, au maumivu ya moyoni yanayobaki baada ya mkasa, na kwamba anaweza kusaidiwa. Miongoni mwa njia wanazotumia ni tiba ya sanaa: kuchora, kufinyanga, kushona, kuimba au kuigiza pamoja na mshauri aliyefunzwa kazi hiyo, ili yale ambayo mdomo umeshindwa kuyatamka yapate njia nyingine ya kutokea.

Njia hiyo ni njema. Lakini kuna swali moja ambalo halina budi kuulizwa kabla ya karatasi na rangi kugawanywa: sanaa ya nani?

Ilikuzwa miongoni mwa wakimbizi

Jina la tiba hii lilitolewa na mchoraji wa Uingereza, Adrian Hill. Mwaka wa 1938 alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, na ili kujiondolea uchovu wa kitanda akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu naye. Aliona nafuu, akawahimiza wagonjwa wenzake wafanye vivyo hivyo, na mwaka wa 1942 akaiita kazi hiyo tiba ya sanaa.

Mzizi mwingine wa tiba hii ulikuwa miongoni mwa watu waliofukuzwa makwao. Katika miaka ya 1930 Bi Friedl Dicker-Brandeis, msanii mzaliwa wa Vienna, alihamia Prague baada ya kutiwa mbaroni kwa sababu za kisiasa. Huko akawafundisha kuchora watoto wa wakimbizi waliotoroka utawala wa Hitler. Aliyemsaidia ni mwanafunzi wake, Edith Kramer, ambaye alijionea jinsi watoto hao walivyotua mizigo yao juu ya karatasi.

Mwalimu huyo hakunusurika. Desemba 1942 Manazi walimpeleka katika kambi ya Terezín, akaendelea kuwafundisha watoto humo humo, na Oktoba 1944 akauawa Auschwitz. Aliacha masanduku mawili yenye michoro ya watoto ipatayo 4,500. Kramer naye alikuwa amekimbilia New York mwaka wa 1938, na huko akawa mmoja wa waasisi wa taaluma ya tiba ya sanaa nchini Marekani.

Somo la Fanon

Frantz Fanon, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, anajulikana na wengi kama mwandishi wa siasa za ukombozi. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili. Mwaka wa 1952 aliandika makala kuhusu vibarua kutoka Afrika Kaskazini waliokuwa wakiishi Ufaransa. Walifika hospitalini wakilalamika kwamba mwili mzima unauma. Madaktari hawakuona kidonda wala uvimbe, wakawaita wavivu na waongo. Fanon alisema maumivu yale yalikuwa ya kweli: mtu aliye mbali na jamaa zake, asiyependwa na asiyeheshimiwa, atakosaje kuumwa?

Mwaka uliofuata alienda kufanya kazi katika hospitali ya Blida nchini Algeria. Alikabidhiwa wodi za wanawake wa Kizungu na za wanaume Waislamu. Kwa wanawake alianzisha mikutano, sherehe, sinema, ushonaji na gazeti la wagonjwa. Baada ya muda mfupi wodi ilichangamka. Basi akapeleka mambo yale yale kwa wanaume. Miezi ikapita. Wanaume walikaa kimya, hawakutaka kucheza wala kuimba, na wauguzi wakaanza kusema hawa hawatibiki.

Fanon na mwenzake Jacques Azoulay walichunguza, wakagundua kwamba kasoro haikuwa kwa wagonjwa. Wengi wa wanaume wale walikuwa wakulima wasiojua kusoma, kwa hiyo gazeti lilikuwa karatasi tu kwao. Sherehe zilizochaguliwa hazikuwa zao. Kwao hadithi haikuwa jambo la jukwaani bali la msimulizi aliyezungukwa na watu. Tena daktari alizungumza nao kupitia mkalimani, na neno likipita midomo miwili hupoteza nusu ya utamu wake. Ndipo hospitali ilipofungua mkahawa wa Kiarabu, ikaanza kuadhimisha sikukuu za Kiislamu na kumwalika msimulizi wa hadithi. Wanaume walianza kuchangamka.

Hadithi kwenye kitambaa

Mfano mwingine watoka bara la Asia. Wahmong ni watu wa milimani nchini Laos. Wakati wa vita vya Vietnam, wengi wao walipigana upande wa Marekani. Wakomunisti waliposhika serikali mwaka wa 1975, maelfu walikimbia, wakavuka mto Mekong hadi Thailand na kukaa katika kambi kama Ban Vinai, iliyofungwa mwaka wa 1992.

Wanawake wa Kihmong walikuwa mafundi wa kudarizi tangu jadi, wakitia mapambo ya mistari na maua kwenye nguo. Kambini kazi hiyo ilipata sura mpya. Wanaume waliochora walianza kuwasaidia kuweka picha za watu, na kitambaa kikaanza kusimulia: hapa kijiji na shamba la mpunga, hapa ndege zikidondosha mabomu, hapa familia ikivuka mto kwa mianzi huku askari wakifyatua risasi, na pale ndege inayowapeleka Marekani.

Vitambaa hivyo viliuzwa, na pesa zake zikanunua mahitaji. Hakuna daktari aliyewaandikia kazi hiyo. Hata hivyo, mama aliyeshindwa kuongea juu ya mto Mekong aliweza kuudarizi akiwa ameketi na wenzake, mkono ukifanya kazi iliyoufahamu tangu utotoni. Mgeni akimpa mama huyo kalamu za rangi, atamwona hajui kitu. Akimpa sindano na uzi, atakutana na fundi.

Waliohamia Marekani hawakuelewana kwa urahisi na hospitali za huko. Katika lugha yao, huzuni na furaha hukaa katika ini, kama sisi tunavyozitia moyoni. Mwaka wa 2009 ilijulikana kwamba hospitali moja ya mji wa Merced, California, ilikuwa imewawekea utaratibu rasmi waganga wa Kihmong waingie wodini kuwafanyia wagonjwa ibada, huku madaktari wakiendelea na dawa zao.

Neno la Dadaab

Tusidhani mambo haya ni ya mbali. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka wa 1991, na ya Kakuma mwaka wa 1992. Wako watu wazima waliozaliwa humo na hawajui kwingine. Wasomali wa Dadaab wana neno lao, buufis, lenye asili ya kupuliza kitu mpaka kijae hewa. Ni ile hamu ya kupelekwa nchi za ng'ambo inayomjaa mtu hadi hana nafasi ya kitu kingine, na safari inapokatika, huweza kumvuruga akili. Mtafiti Cindy Horst aliliandika neno hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 2006. Mshauri asiyelijua atamuuliza mgonjwa maswali ya kitabuni na kupata majibu ya kitabuni.

Wasomali wanasifika kwa ushairi, na wanawake wana utungo wao uitwao buraanbur. Mwanamke wa wafugaji pia ndiye aliyesuka mikeka ya kufunika nyumba, na kazi ilikwenda na nyimbo. Bibi wa aina hiyo akiketishwa mbele ya karatasi kuchora nyumba na jua, si ajabu akaona amefanywa mtoto mdogo. Mwiteni pamoja na wenzake, muwape nafasi ya kutunga na kuitikiana, na huenda mkasikia yaliyofichika kwa miaka mingi.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, mwulize jirani alikuwa akifanya nini kwa mikono yake kabla ya kuhama. Alifuma? Alipiga ngoma? Alisuka vikapu? Hapo ndipo pa kuanzia.

Pili, usimlazimishe asimulie mkasa wake. Simulizi inayotolewa kwa nguvu hutonesha kidonda. Kwa mtoto shuleni, mwalimu amwache achore atakacho, na mchoro wa bunduki usibandikwe ukutani wala usichekwe. Ni siri yake.

Tatu, mtoto asifanywe mkalimani wa mamake mbele ya daktari. Mama hatasema yote, na mtoto atabeba yasiyo ya umri wake.

Nne, sanaa haichukui nafasi ya hospitali. Anayezungumzia kujiua, anayesikia sauti zisizokuwapo au aliyeacha kula apelekwe kwa daktari mara moja, na asiachwe peke yake.

Ushauri huu si wa wakimbizi pekee. Binti zetu wanaorudi kutoka Ghuba baada ya kazi za nyumbani, na ndugu zetu waliohamia Marekani wakakaa miaka bila kusikia lugha ya mama, nao wana mawazo yao. Huyo dada aliyerudi kimya, ambaye zamani alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya, pengine hahitaji maswali mengi jioni ya leo. Anahitaji mtu wa kuanzisha wimbo anaoujua, kisha anyamaze, amwachie nafasi ya kuitikia.