Mwimbaji Nyota kati ya Jukwaa na Filamu: Swali la Sauti, kwa Mifano ya Sarafina! na Karisi ya Walikale

Miongoni mwa Wanyanga wa Walikale, utendi huitwa karisi. Jina hilo ni la utanzu, na ni jina la roho pia. Roho hiyo ndiyo humtaka mtu fulani ajifunze utendi, na anayeujua huitwa Shekarisi. Fanani huyo hukaa kwanza na mwalimu wake, akimfuata na kumwitikia, mpaka naye aweze kusimama mbele ya hadhira. Anaposimama huimba, husimulia, hucheza na kuigiza, kibuyu cha kayamba kikiwa mkononi, huku vijana wakipiga vijiti juu ya mti uliolazwa na kuitikia nyimbo. Mwaka 1956 Candi Rureke wa kijiji cha Bese aliutoa utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, nao ukaandikwa na hatimaye kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga. Katika siku hizo zote hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani angefaa kuwa Mwindo. Rureke alikuwa Mwindo, naye alikuwa vilevile Shemwindo babake, Iyangura shangazi, na Nkuba mwenye radi.

Swali hilo huzaliwa pale kazi ya fanani mmoja inapogawanywa kwa watu wengi, na huwa zito zaidi pale kazi ya jukwaani inapogeuzwa kuwa filamu. Makala haya yanalieleza swali hilo kwa upande wake mmoja tu, nao ni desturi ya kumpa mwimbaji nyota sehemu katika filamu iliyotokana na tamthilia ya muziki. Kwa tamthilia ya muziki hukusudiwa mchezo wa jukwaani ambamo wimbo ni sehemu ya kisa, wala si pambo la kisa: mhusika hufika mahali ambapo maneno ya kawaida hayamtoshi, akaimba. Kwa mwimbaji nyota hukusudiwa mtu ambaye sauti yake imekwisha kuingia nyumbani mwa watu kabla sura yake haijaonekana kwenye filamu.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba jukwaa na kamera havidai sauti ya aina moja. Mwigizaji wa jukwaani hana budi kumfikia mtu aliyeketi nyuma kabisa, naye hurudia kazi ileile usiku baada ya usiku. Sauti yake hufunzwa kubeba na kudumu. Katika filamu, wimbo kwa kawaida hurekodiwa studioni kabla ya kupiga picha, kisha mwigizaji huufuata kwa midomo mbele ya kamera. Kamera husogea hata ikahesabu kope za macho. Sauti iliyofunzwa kuvuka ukumbi mzima huweza kuonekana kubwa mno kwa uso ulio karibu hivyo. Mwimbaji wa santuri, kwa upande wake, amezoea kuimba karibu na maikrofoni kana kwamba anamnong'oneza mtu mmoja. Hivyo uteuzi wa nyota hautokani na tamaa ya fedha peke yake, ingawa fedha zimo, tena nyingi: jina lake huuza tiketi, na nyimbo za filamu huuzwa kando.

Hasara iko palepale penye faida. Mtazamaji anayemfahamu mwimbaji huja na kumbukumbu zake, na pengine haoni mhusika hata kidogo. Madonna alipopewa sehemu ya Eva Perón katika filamu Evita ya mwaka 1996, alichukua mafunzo ya kuimba kabla ya kazi kuanza. Sehemu hiyo ilikuwa imejulikana kwa sauti za waigizaji wa jukwaani, Elaine Paige wa London tangu 1978 na Patti LuPone wa New York tangu 1979. Wako waliomsifu Madonna na wako waliodai kwamba hawakumwona Eva bali Madonna aliyevaa nguo za Eva. Pande zote mbili zilikuwa zikisema jambo lilelile.

Kwa Afrika mfano ulio karibu zaidi na swali hili ni Sarafina! Mchezo huu wa Mbongeni Ngema, ambao Hugh Masekela alichangia muziki wake, ulianza kuchezwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Mwaka huohuo ulipelekwa New York, na tangu Januari 1988 hadi Julai 1989 ulichezwa Broadway. Kisa chake ni cha wanafunzi wa Soweto na maasi yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976, wakati serikali ilipowalazimisha kusoma baadhi ya masomo kwa Kiafrikana. Mwalimu yeyote wa lugha ana sababu ya kuufikiria mchezo huo kwa makini: watoto wale walipigwa risasi kwa kukataa lugha darasani.

Filamu yake, iliyoongozwa na Darrell James Roodt, ilitoka mwaka 1992, nayo ilipigwa Soweto kwenyewe. Hapo wahusika waligawanywa kwa namna inayostahili kuchunguzwa. Sarafina mwenyewe alibaki kuwa Leleti Khumalo, yuleyule wa jukwaani, ambaye kwa sehemu hiyo alikuwa ameteuliwa kuwania tuzo ya Tony mwaka 1988. Mwalimu wa historia alikuwa Whoopi Goldberg, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa ametunukiwa Oscar mwaka 1991; bila shaka jina lake ndilo lililoifungulia filamu milango ya majumba ya sinema ya ng'ambo. Na mama yake Sarafina, Angelina, mtumishi wa ndani katika nyumba ya Wazungu, alikuwa Miriam Makeba.

Sehemu ya Makeba ni fupi. Binti anakwenda kumtembelea mama yake kazini, anamwona akiwa amevaa sare ya utumishi, anamwonea haya na kumkasirikia kwa unyenyekevu wake. Baadaye, akiisha kutoka gerezani, anarudi kwake na kumtazama kwa macho mengine. Hakuna zaidi ya hayo. Lakini ni nani aliyevaa sare ile? Mama yake Makeba alikuwa mtumishi wa Wazungu. Makeba mwenyewe, alipokuwa mtoto mchanga, alikaa gerezani miezi sita pamoja na mama yake aliyefungwa kwa kuuza pombe ya kienyeji. Alizidi kujulikana kwa kuimba katika King Kong, tamthilia ya muziki ya Johannesburg ya mwaka 1959, na kwa kuonekana katika filamu Come Back, Africa ya mwaka huohuo. Mama yake alipofariki mwaka 1960, alizuiwa kurudi nchini kumzika. Alinena dhidi ya ubaguzi mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963, santuri zake zikapigwa marufuku kwao, naye hakukanyaga tena Afrika ya Kusini mpaka mwaka 1990. Miaka miwili baadaye anaonekana katika filamu akiwa mama anayelaumiwa na mtoto wake kwa kunyamaza.

Kwa mtazamaji asiyeyajua hayo, Angelina ni mama mchovu mwenye uso mzuri. Kwa anayeyajua, kila neno la binti linamwumiza, kwa kuwa mtu anayeambiwa amenyamaza ndiye aliyefukuzwa nchini kwa kutonyamaza. Historia ya mwimbaji haikumficha mhusika, bali ilimpa uzito ambao maandishi peke yake yasingeweza kuutoa. Na jambo hilo liliwezekana, kwa sehemu kubwa, kwa sababu sehemu yenyewe ni ndogo. Laiti Makeba angalipewa nafasi ya katikati, filamu ingalikuwa juu ya Makeba. Khumalo, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa nje ya mchezo huo, aliachiwa kisa chake.

Kongo nayo ina mifano ingawa haikutoka jukwaani. Katika La Vie est belle ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Benoît Lamy, mhusika mkuu ni Papa Wemba. Anaigiza kijana wa mashambani aitwaye Kourou, anayeingia Kinshasa akiwa hana kitu, akitamani kuwa mwimbaji. Kichekesho kiko wazi: ukumbi mzima unamjua mtu ambaye filamu inadai hajulikani. Watengenezaji hawakujaribu kukificha kichekesho hicho, walikitumia, na filamu inapendeza kwa sababu hiyo. Miaka 30 baadaye, katika Félicité ya Alain Gomis (2017), iliyopata tuzo kuu ya FESPACO, njia iliyofuatwa ni kinyume kabisa. Mwimbaji wa baa anaigizwa na Véro Tshanda Beya, ambaye hakuwa nyota wa muziki, na sauti inayosikika katika nyimbo ni ya Muambuyi wa kundi la Kasai Allstars. Sura ni ya mmoja, koo ni la mwingine.

Ikiwa swali hili litaletwa Masisi na Walikale, jambo la kwanza litakaloonekana ni lugha. Nyota wakubwa wa muziki wa Kongo huimba hasa kwa Kilingala. Masisi watu huzungumza Kihunde na Kinyarwanda; Walikale, Kinyanga, Kikano na Kitembo, pamoja na lugha nyinginezo; na kote kuwili Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani na katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi kabla Kifaransa hakijashika nafasi. Sauti ya nyota wa Kinshasa huku hupendwa bila ya maneno yake yote kueleweka. Jambo hilo si dogo kwa tamthilia ya muziki, ambamo wimbo ndio hubeba kisa. Mazungumzo ya filamu yaweza kufasiriwa, ama kwa maandishi chini ya picha, ama na msimulizi anayesema juu ya sauti ya filamu kama ilivyo desturi ya Kampala na Dar es Salaam. Wimbo haufasiriki kwa njia hiyo pasipo kuuawa. Yule nyota anaweza kuwa mtu pekee katika filamu asiyeeleweka na hadhira yake, huku akiwa ndiye waliyemjia. Siku hizi wako pia waimbaji kama Innoss'B, mzaliwa wa Goma, wanaochanganya Kiswahili na Kilingala, na wimbo wake Yope, aliouimba upya pamoja na Diamond Platnumz mwaka 2019, ulivuka mipaka ya lugha zote mbili.

Jambo la pili ni zito zaidi. Karisi hurithiwa kwa watu kukaa pamoja, mwanafunzi kando ya mwalimu, na kukaa pamoja ndiko kulikovurugwa. Vita vimewafukuza watu wa Masisi vijijini mwao mara kwa mara tangu miaka ya 1990. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi, kisha Goma. Mwezi Machi wakaingia mji wa Walikale, wakauacha mwanzoni mwa Aprili. Mtoto aliyelelewa kambini huenda akaisikia habari ya Mwindo kwanza katika filamu, kama itatengenezwa, na pengine asiisikie tena penginepo. Kwa mtoto huyo sauti itakayochaguliwa haitakuwa moja kati ya nyingi. Itakuwa ndiyo sauti ya Mwindo.

Hapa karisi huleta ugumu ambao Soweto haikuwa nao. Katika masimulizi ya Rureke, Mwindo anazaliwa akicheka, akisema na kutembea, ameshika mkononi conga, yaani usinga wake, na jina lake la sifa, Kabutwakenda, lina maana ya kadogo kaliozaliwa kakatembea. Mtu mzima anapotikisa kibuyu na kusema kwamba ndiye kadogo hako, hadhira haimpingi. Mwili wa fanani si mwili wa mhusika, na kila mtu ameafiki hivyo tangu mwanzo. Kamera haina mapatano hayo. Itadai mtoto, au mtu mdogo wa umbo, na sauti yake itadaiwa ilingane na kifua chake. Kumweka hapo mwimbaji mashuhuri wa miaka 30, mwenye nguo zinazojulikana na mtindo wake wa kucheza unaojulikana, ni kumwondoa Mwindo.

Lakini kuna Iyangura. Huyu ni dada ya Shemwindo na mke wa Mukiti, joka wa maji. Kwake ndiko Mwindo anakokimbilia, akiwa ndani ya ngoma aliyofungiwa na babake na kutupwa mtoni, na ndiye anayeipasua ngoma hiyo. Shemwindo anapotorokea kuzimu na mwana kumfuata, Mwindo humwachia shangazi ncha ya kamba na kumwambia kwamba kamba ikitulia bila kutikisika, ajue amekufa. Sehemu yake si ndefu, kama ile ya Angelina. Yataka mwanamke ambaye watazamaji wamekwisha kumwamini kabla hajafungua kinywa, na hapo sauti inayojulikana ina kazi ya kufanya. Itambidi ajifunze nyimbo hizo kwa Kinyanga, kwa mtu anayezijua, kwa muda utakaohitajika, hata kama yeye mwenyewe amezoea Kiswahili au Kilingala. Makeba alitoka Johannesburg na kuimba Malaika kwa Kiswahili mpaka Waswahili wengi wakamhesabu kuwa wao. Mwindo awe mtoto wa Walikale asiyejulikana na mtu, ashuke kuzimu, na kamera ibaki juu pamoja na shangazi aliyeshika kamba.