Ushirika wa Bweni: Tofauti, Haki na Malezi katika Shule za Nyamongo

Katika makala haya twakusudia kueleza jambo linalowahusu wachungaji wote wanaolea shule: namna shule ya bweni inavyoweza kuwa jumuiya ya watu walio tofauti, wanaotendewa kwa haki, na wenye sauti katika mambo yanayowahusu. Tumechagua Nyamongo, wilayani Tarime, ng'ambo ya Mto Mara ukitokea Serengeti, kwa sababu huko jambo hili si nadharia tupu.

1. Watu wa bweni moja

Wakurya wa Tarime hujitambulisha kwa koo zao: Wanyamongo, Wairege, Wanyabasi, Wanchari, Warenchoka na nyinginezo. Koo hizo zimeoleana kwa vizazi vingi, na pia zimepigana kwa ajili ya ng'ombe na ardhi. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulipoanza kazi mwaka 2002, waliongezeka watu wa makabila mengine waliofuata kazi na biashara. Watoto wa hao wote hulala bweni moja na kupakuliwa ugali kutoka sufuria moja.

Taifa letu lilikwisha kulitumia bweni kwa kusudi la kuwaunganisha watu. Sheria ya Elimu ya 1962 iliondoa ubaguzi wa rangi shuleni. Sheria ya 1969 ilizitwaa shule nyingi za misheni, zikiwamo za Kilutheri. Na wanafunzi wa sekondari walipelekwa mikoa ya mbali na kwao. Miaka ya 2000 shule za kata ziliwafungulia mlango wengi ambao zamani wangekosa nafasi. Lakini mtoto wa kata husoma zaidi na watoto wa ukoo wake. Hivyo bweni limebaki kuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo watoto wa koo mbalimbali huishi pamoja. Hata hivyo, kulala karibu si ushirika.

2. Usawa na haki

Wengi hudhani kwamba shule yenye kanuni moja kwa wote imekwisha kutenda haki. Tuipime kanuni moja tu: mwezi Desemba mabweni hufungwa na kila mwanafunzi huenda kwao. Kwa mvulana hiyo ni likizo. Kwa msichana wa Kikurya Desemba yaweza kuwa msimu wa kukeketwa, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ambayo wazee wa mila huichagua mara kwa mara. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15. Lakini sheria haimsindikizi binti njiani. Ndiyo maana vimekuwapo vituo kama Masanga, wilayani Tarime, na nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014, kuwapokea mabinti wanaokimbia kisu. Kanuni ni moja, lakini mzigo wake si mmoja. Haki ni kumpa kila mtoto kile anachohitaji ili asimame pamoja na wenzake.

Aibu nayo hugawanywa bila haki. Binti asiyekeketwa huitwa msagane, jina la dharau. Kwa upande mwingine, sisi tunaohubiri dhidi ya ukeketaji twaweza kumjeruhi binti aliyekwisha kukeketwa, akaketi ibadani akijiona ameharibika mbele za Mungu. Mahubiri yanayomwokoa mmoja kwa kumdharau mwingine hayajawa Injili.

Vivyo hivyo na karatasi ya kujiunga. Wakurya wana desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili azaliwe mrithi wa nyumba. Mtoto wa nyumba hiyo akiulizwa jina la baba mbele ya darasa, ameaibishwa kabla hajaanza kusoma. Maneno "mzazi au mlezi" yangetosha.

3. Mfano wa Matendo 6

Kanisa la kwanza lilipata shida ya namna hii. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakaripia walionung'unika, wala hawakuhubiri umoja tu. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yote saba, tangu Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Twaweza kuona hapo kwamba huduma ilitiwa mikononi mwa watu walio karibu na upande ulioumia. Huo ndio ushirikishwaji: si kualikwa mezani tu, bali kupewa kazi ya kugawa.

4. Mambo ya kutenda

Kwanza, vitanda vipangwe kwa kuchanganya koo na makabila, bila kuandika ukoo mlangoni, maana kuhesabu koo hadharani huzikaza zaidi. Pili, viranja na kamati ya chakula watoke pia miongoni mwa walio wachache. Tatu, mwanafunzi awe na mtu wa kumwendea zaidi ya mlezi wa bweni, kwa kuwa mlezi naye ana ukoo. Nne, matusi ya kikabila yakomeshwe, lakini Kikurya chenyewe kisigeuzwe kosa. Mtoto aliyefiwa hulia kwa lugha ya mama yake. Tano, waliokatisha masomo warudishwe, awe mvulana aliyekwenda kuokota mawe ya dhahabu mgodini au msichana aliyejifungua. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu hao warudi. Imebaki sisi kuwapokea pasipo masimango.

Martin Luther, akiwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524, alitaka wavulana na wasichana wote wapate shule. Sisi tulio warithi wake tuanze na jambo dogo. Wiki mbili kabla ya mabweni kufungwa, mkuu wa shule, matroni na mchungaji waketi na orodha ya wanafunzi, walisome kila jina na kuuliza: Huyu anakwenda wapi, na anayempokea ni nani? Pale jibu linapokosekana, mtoto huyo asiondoke mpaka apatikane mtu wa kumpokea kwa usalama.