LIKIZO YA KRISMASI NA KILO ZISIZOALIKWA

Kila mwaka unapofika ukingoni sisi hufunga shule kwa takriban miezi miwili, na tunapokutana tena langoni mwezi wa Januari, salamu ya kwanza huwa ile ile: "Ala! Umenona!" Wapo wanaoipokea kwa kicheko na kupiga tumbo kofi. Wapo wengine, hasa dada zetu, ambao huenda nayo hadi bwenini wakailia chini ya blanketi, na kuanzia jioni hiyo wakawa wanamwaga chakula chao kimyakimya bila ya mtu kujua. Ni kwa ajili ya hao ndipo nimeshika kalamu.

Aghalabu lawama zote hutwikwa Krismasi yenyewe. Ati ni zile chapati, ati ni yule kuku wa kienyeji, ati ni ile kreti ya soda aliyoleta mjomba kutoka Nairobi. Mimi nasema Krismasi yasingiziwa. Hebu tupige hesabu pamoja, na msiogope, si logarithimu.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga au protini hutoa takriban kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Msichana wa rika letu huhitaji kama kalori 2,200 kwa siku, mvulana kama 2,800, na anayelima au kucheza sana huhitaji zaidi. Sasa chukua pakiti ya kilo 2 ya unga wa ngano. Ikitoa chapati 20, kila chapati imebeba gramu 100 za unga, nazo ni kama kalori 350. Ongeza mafuta ya kukandia na ya kukaangia, tuseme nusu kijiko kikubwa, ambayo ni kalori 60. Chapati moja basi imepita 400! Tuseme siku ya Krismasi umekula chapati tano, kuku na mchuzi wake, ukaongeza pilau, ukateremsha na soda, hata ukazidi mahitaji yako ya siku kwa kalori 3,000 nzima. Hiyo ni karamu, si mchezo. Lakini kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Kwa hiyo ulafi wako wote wa siku ile, pamoja na mkanda uliolegeza mara mbili, haufiki nusu kilo.

"Mbona basi nilijipima tarehe 26 nikapata kilo mbili zaidi?" utaniuliza. Sehemu kubwa ya hizo ni maji, na chakula ambacho bado kiko safarini tumboni. Chumvi nyingi huufanya mwili ushikilie maji. Wanga nao, unapowekwa akiba kwenye ini na misuli, huwekwa pamoja na maji. Ukirudia kula kama kawaida kwa siku chache, hizo huondoka zenyewe bila hata kuagwa.

Mkosaji ni nani basi? Ni zile siku nyingine 59, ambazo hakuna anayezihesabu. Chupa ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, yaani vijiko 8 vya chai, na kalori zake ni zaidi ya 120. Mbili kila siku kwa siku 60 zinafika karibu kalori 15,000, nazo ni karibu kilo mbili za mafuta. (Haya ni makadirio tu, kwa kuwa mwili si daftari la duka, lakini mmeona mwelekeo.) Mtasema, nani katika kijiji chetu ana pesa za soda mbili kila siku? Haya, ondoa soda. Weka chai ya vijiko vitatu vya sukari, mara nne kwa siku, pamoja na andazi la saa nne. Utafika pale pale na hata kupapita, na wala hukumbuki kama ulikula kitu.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula. Kwa msichana wa kalori 2,200, hiyo ni gramu 55. Soda mbili zimeshavuka mpaka kabla hajala chochote.

Upande wa pili wa mambo ni kengele. Naam, ile kengele tunayoilaani kila alfajiri! Shuleni tunaamka gizani, tunatembea kutoka bwenini hadi darasani, darasani hadi bwaloni, bwaloni hadi uwanjani. Tunakula kwa saa zinazojulikana, githeri mchana, ugali na sukuma wiki usiku, na hata ukilia machozi hakuna wa kukuletea biskuti saa nane mchana. Nyumbani kengele hakuna. Mtu anaamka saa nne, anakunywa chai mbele ya televisheni, anakula cha mchana pale pale, halafu anazunguka jikoni akionja hiki na kile kwa sababu tu amechoka kukaa. Usiku anakesha na simu. Wanasayansi wanasema kijana wa umri wetu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na anayelala kidogo huamka na njaa kuliko kawaida.

Wala hili si wazo langu tu. Mwaka wa 2007 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wa chekechea na darasa la kwanza. Waligundua kwamba uzani wa watoto hao, ukilinganishwa na urefu wao, ulipanda kwa kasi zaidi wakati wa likizo ndefu kuliko wakati wa masomo. Na likizo yao hiyo ni ya kiangazi, haina Krismasi hata kidogo! Kumbe tatizo ni siku zisizo na mpango, wala si sikukuu. Kuhusu watu wazima, uchunguzi mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2000 uliwafuata watu 195. Kati ya Novemba na Januari waliongeza, kwa wastani, chini ya nusu kilo tu. Ni kidogo, sivyo? Ubaya ni kwamba kidogo hicho hakikuondoka miezi iliyofuata. Kila mwaka kijiwe kimoja, na baada ya miaka ishirini ni mzigo.

Mzigo huo mimi nimeuona kwa macho. Shangazi yangu, dada wa baba, ana kisukari cha ukubwani, na daktari alimweleza kwamba uzani wake ulichangia. Sasa yeye hukaa nasi mezani sikukuu akihesabu vipande vya chapati kama mtu anayehesabu nauli. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, kama 33 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Kwa hiyo anayesema unene ni maradhi ya Wazungu hajatazama kwao.

Sasa, kabla sijataja la kufanya, nitaje lisilofaa kufanywa. Kijana anayekua ana haki ya kuongeza kilo. Mifupa inarefuka, misuli inajengeka, na msichana anapobaleghe mwili wake hujiwekea mafuta kiasi, nayo si aibu wala uzembe. Kwa hiyo lengo letu si kukonda, ni kutoongeza kilo ambazo mwili haukuziomba. Anayeacha kula kiamshakinywa na chakula cha mchana ili "apunguze" hufika jioni na njaa ya simba, akala mara mbili. Na zile chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa vituo vya matatu, vingi kazi yake ni kuharisha. Kinachopungua ni maji na chumvi za mwili, mafuta yamekaa palepale yakikucheka. Ukimwona mwenzako anatapika kwa makusudi baada ya kula, au anakataa chakula siku nenda siku rudi, usimcheke. Mwambie mlezi wenu au muuguzi wa shule, kwa maana hayo ni maradhi na yanaweza kuua.

Lifaalo, kwa maoni yangu, ni kubeba kengele na kwenda nayo nyumbani. Amka kwa saa moja isiyobadilika sana. Kula milo yako mitatu mezani, na kati ya mlo na mlo kunywa maji. Ukitaka cha saa nne, viazi vitamu vya kuchemsha au ndizi vinatosha. Sukari katika chai ipunguzwe kijiko kimoja kwanza, ulimi uzoee, halafu kingine. Juu ya sahani, nusu iwe mboga: sukuma, kunde, managu, kabeji, kachumbari. Desemba katika sehemu nyingi za nchi ni baada ya mvua za vuli, mboga ziko shambani na bei si mbaya.

Mwili nao ufanye kazi. Vijana wa hadi miaka 17 wanashauriwa wapate angalau dakika 60 za shughuli kila siku. Usifikirie viatu vya bei na uwanja wa kifahari. Kuchota maji, kupalilia, kucheza kandanda na binamu, kutembea hadi sokoni badala ya kupanda bodaboda, zote zinahesabika. Lakini usijidanganye pia: nusu saa ya kutembea upesi huteketeza takriban kalori 130 kwa mtu wa kilo 60. Ndiyo soda moja. Chapati moja inataka saa moja na nusu! Ni rahisi zaidi kutokunywa soda kuliko kuikimbiza.

Kuhusu mizani, mwaka wa 2018 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa watu wazima 272. Waliojipima mara kwa mara wakati wa Krismasi na kuonyeshwa ni mwendo kiasi gani unaoteketeza kila chakula cha sikukuu, hawakuongeza uzani, ilhali wale wengine waliongeza kidogo. Wazazi wetu wanaweza kulijaribu hilo. Sisi tunaokua sipendekezi, kwa kuwa namba hupanda hata kwa sababu nzuri, na mtu atajitia wasiwasi bure.

Limebaki gumu kuliko yote, nalo ni nyanya. Mimi nyanya yangu yuko "ushago" Kakamega (mlezi wa chama anisamehe neno hilo), na kwake sahani isiyomalizwa ni tusi. Siku ya Krismasi utapita kwake, kwa ami mkubwa, kwa jirani, na kila nyumba kuna ugali na kuku anayekusubiri. Kukataa ni ukosefu wa adabu, na sitamfundisha mtu kukosa adabu. Mbinu ni kupakua mwenyewe unaporuhusiwa, na sahani ya kwanza iwe ndogo, maana ya pili huwezi kuikwepa. Kula polepole, zungumza sana, sifu mchuzi. Nyumba ya pili na ya tatu onja tu, kwa kuwa wenyeji wanataka uketi kwao zaidi ya kutaka umalize sufuria. Nyanya akija na kijiko cha mara ya tatu, sema: "Nyanya, Mungu akubariki, nimeshiba mpaka hapa. Nifungie, nitakula kesho asubuhi." Atafurahi kukufungia. Na kesho asubuhi, ukiwa umeteka maji mitungi miwili, ile chapati iliyolala utaila kwa raha zako, kwa chai ya kijiko kimoja.