Heri Iliyomo katika Jina: Alama za Ufalme wa Buganda na Suala la Tafsiri kwa Kiswahili

Samani za wafalme wa China wa nasaba ya Qing (1644–1912), zilizopakwa utomvu wa mti na kung'arishwa, aghalabu hupambwa kwa picha za popo. Kwa mgeni, huyo ni mnyama wa usiku tu. Kwa msemaji wa Kichina, jina lake lina silabi fu, inayotamkwa sawa na neno lenye maana ya baraka. Popo watano, basi, ni baraka tano. Heri imo katika matamshi, si katika umbo. Mfasiri anayeandika "popo" bila maelezo amehamisha picha na kuiacha heri.

Hali kama hiyo inajitokeza Kampala. Ngoma za kifalme za Buganda huitwa Mujaguzo, jina linalohusiana na kitenzi cha Kiganda okujaguza, yaani kushangilia. Zikiitwa "ngoma za mfalme" tu, shangwe iliyomo katika jina hutoweka. Aidha, Kabaka anapotawazwa husemwa kuwa "amekula ngoma", kwa kuwa engoma ni ala na pia ni utawala, kama ilivyo ingoma katika Kinyarwanda. Katika Kiswahili sanifu, kauli hiyo humwacha msomaji gizani, ingawa ngoma na siwa zilikuwa alama za watawala wa mwambao pia.

Si kila tafsiri sisisi hupotosha. Kabaka hasemwi kuwa amekufa, bali kuwa ameondoa mkono katika ngao. Engabo ya Kiganda na ngao ya Kiswahili ni maneno ya asili moja, na taswira ya shujaa aliyeiachia ngao yake hueleweka mara moja. Hapa Kiswahili kinabeba mwiko pamoja na heshima yake.

Suala hili lina uzito wa kisera. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Makaburi ya Kasubi, yaliyoungua mwaka 2010, yaliondolewa katika Orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini mwaka 2023. Vitabu vya kiada na maelezo ya wageni kwa Kiswahili vitahitaji kueleza, kwa mfano, kwamba pete 52 za paa la Kasubi huwakilisha koo za Baganda. Bila maelezo hayo, mwanafunzi ataona ufundi wa kuezeka tu.

Makala hii inapendekeza mambo matatu: jina la asili lihifadhiwe pale maana inapotegemea sauti au mnyambuliko wake, maelezo mafupi yaambatane nalo, na tafsiri sisisi itumike pale tu taswira inapoishi katika lugha zote mbili. Uamuzi huo ufanywe pamoja na koo zinazotunza alama hizo. Kiswahili kitakaribishwa Buganda kikiingia kama mgeni anayeuliza jina la mwenyeji kabla ya kumwita.